Kemia ya Kitaluni

Magamba, 4 Agosti 2024

Mwanangu Janeth,

Onga mshi! Nakusalimu kwa kilugha chetu usije ukakisahau. Hujambo huko shuleni Morogoro? Sisi wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Bibi yako anakusalimu, yeye na goti lake.

Mwenzio nimefunga daftari la kemia. Mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na bosi wa kitalu cha miche kasema wazi kwamba usimamizi ni wa mwenye cheti, tena awe amefaulu kemia. Mwaka jana nilipata F. Sasa hilo jedwali la elementi! Neoni ya kumi, sodiamu ya kumi na moja, nikaandika ni jirani hivyo tabia zao moja. Darasa zima la jioni likanicheka. Kumbe neoni haina habari na mtu, na sodiamu ukiitia majini inalipuka! Basi tena, nitajaza udongo kwenye viriba vya miche mpaka nizeeke.

Mama yako,
Dorothea


Morogoro, 15 Agosti 2024

Mama mpenzi,

Shikamoo. Pole ya bibi umfikishie. Mimi mzima, ugali wa shule umeninenepesha.

Fungua daftari, mama! Fanya elektroni ni miche, na namba ya elementi ndiyo idadi ya miche yake. Tuta la kwanza linabeba miche miwili tu, la pili minane, na hufungui tuta jipya kabla la nyuma halijajaa. Neoni ina miwili na minane. Imejaa, haiombi wala haitoi. Sodiamu imezidi mmoja, umekaa peke yake tuta la tatu, na huo ndio inaohangaika kuutoa.

Idadi ya matuta ndiyo inayoipa elementi mstari wake wa kulala katika jedwali. Miche ya tuta la mwisho ndiyo inayoipa elementi safu yake ya kusimama, na walio safu moja ndio wenye tabia moja. Haya, lithiamu yenye miche mitatu na potasiamu yenye kumi na tisa zinakaa na nani? Tuta la tatu, kwa sasa, lipe minane kisha uhamie la nne.

Mwanao,
Janeth


Magamba, 2 Septemba 2024

Marahaba mwanangu, hujambo?

Nimecheka peke yangu mpaka Yeremia, tunayejaza naye viriba, kauliza kama nimepata mchumba! Nimepanga miche ya misonobari chini. Lithiamu: miwili, mmoja. Sodiamu: miwili, minane, mmoja. Potasiamu: miwili, minane, minane, mmoja. Bibi, mama na mjukuu! Matuta yanaongezeka, ukorofi ule ule.

Na heliamu ulinificha. Ina miwili tu, lakini katuta kake kamejaa, ndiyo maana imewekwa na neoni. Au nadanganya?

Yeremia kanikanyagia ile miche ishirini niliyoipanga kuwa kalsiamu. Nimempangisha upya.

Mama yako


Morogoro, 8 Desemba 2024

Mama,

Shikamoo. Likizo hii tumebaki shuleni kusoma. Hii ni barua ya pili tangu Oktoba, hujajibu. Mtihani ulikwendaje? Nina wasiwasi.

Janeth wako


Magamba, 27 Januari 2025

Janeth wangu,

Hujambo mama? Nisamehe kimya. Niliogopa kukuandikia kabla ya matokeo.

Kemia nina C! Nilipiga vigelegele kitaluni, bosi akaja mbio na panga akidhani nyoka. Waliuliza kwa nini sodiamu na potasiamu zina tabia moja. Nilijaza ukurasa, nikaomba karatasi nyingine. Leo nimeanza usimamizi.

Kuna jambo sijawahi kukwambia. Tangu uzaliwe watu hapa husema mimba yako ndiyo iliyonitoa shule, na najua umewasikia. Jana kanisani walipokuja kunipongeza nikawaambia, haya, semeni pia aliyenirudisha ni nani.

Mama yako