Nati ya Kufuli Iliyonizuia Kufika Nyumbani

Mbeya, Jumapili

Mke wangu mpendwa Tabitha,

Kamwene, mama. Hujambo wewe, hajambo Ludia wetu, hawajambo wote hapo Kilolo? Mgongo wa mama unaendeleaje na baridi hii? Na lile zizi, mmepata mtu wa kulifunga upande ulioanguka? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, naenda kazini. Hayo mengine nitakueleza humu humu. Barua hii isome kwanza peke yako, kisha umsomee mama yale utakayoona yanafaa.

Najua jirani yetu Mama Eliza amekwisha kukufikishia kanga na sukari. Najua pia amekuambia kwamba alinikuta Ipogolo nikiwa na gari, na kwamba niligeuza nikashika njia ya Mbeya. Yeye alinitazama kama mtu anayemtazama kichaa, nami sikuwa na maneno ya kumweleza pale barabarani. Ningekuwa wewe, na mimi ningekasirika. Kwa hiyo nakueleza yote tangu mwanzo, ujue ilivyokuwa.

Unamfahamu kwa barua zangu tajiri wangu, Bwana Premji, mwenye duka la nguo, ambaye namwendeshea boksibodi yake, lile gari la viti nyuma. Mwezi uliopita, Jumapili, wakati niko kanisani, wezi waliingia uani kwake wakang'oa gurudumu la nyuma, wakaliacha gari limekalia matofali. Nati nazo wakaenda nazo. Bwana Premji aliniuliza mara nyingi nilikuwa wapi. Hakusema kwamba ni mimi. Lakini tangu siku ile akawa ananitazama mikono kabla ya kunitazama uso, na ukikaa na mtu wa namna hiyo kutwa nzima, unaweza kusahau kwamba kuna mahali ambapo watu hukufurahia ukiingia mlangoni.

Basi tukaenda wote wawili kwa Singasinga mmoja mzee anayeuza vipuri. Gurudumu jingine lilipatikana, ila nati za kiwanda chenyewe hazikuwepo, ingebidi zingojewe kutoka Dar es Salaam. Singasinga akatumwagia mezani nati za viwanda vingine, za kila aina. Mfukoni nilikuwa na moja ya zile za zamani niliyoifungua kwenye gurudumu la mbele, nikawa napimia kwayo. Bwana Premji alipenda zile nyeupe zinazong'aa kama vijiko vya harusi. Zilijizungusha kwenye hesi za bolti vizuri kabisa, lakini mdomo wake ulikuwa bapa. Nati ya gari letu lazima iwe imechongoka mdomoni, ikae ndani ya tundu la rimu kama chungu kinavyokaa kwenye kata kichwani mwako. Ikiwa bapa inagusa juu juu tu, na njia zetu hizi za mashimo zinailegeza kidogo kidogo, mpaka siku moja dereva anaona gurudumu lake linamtangulia barabarani. Singasinga mwenyewe alitikisa kichwa akazirudisha boksini. Tukachukua nyeusi, mbaya kwa sura, zilizochongoka.

Kisha Bwana Premji akataka kufuli. Zipo nati ambazo kichwa chake ni cha mviringo, spana ya kawaida haiwezi kukishika, mpaka uwe na kifunguo chake kilichotengenezwa kwa ajili hiyo. Unaweka moja kila gurudumu, mwizi akija anafungua hizo nyingine zote halafu anakwama. Ni kitu kizuri. Mimi nilizikubali. Nilimwambia tu:

"Bwana, kifunguo kikae ndani ya gari, pamoja na jeki."

Akasema, "Kikikaa ndani ya gari, kufuli ni ya nini?"

"Basi nikae nacho mimi."

Alikitia kwenye pete ya funguo zake za duka, akasema nikikihitaji nitamwomba. Singasinga aliinamisha macho akajifanya anapanga maboksi yake. Na mimi nikajifanya sikuona kitu.

Sasa nikufikishe kwenye safari. Bwana Premji ana mama yake mzee. Wote nyumbani humwita Ba, ndiyo mama kwa lugha yao. Miguu yake ilikuwa inavimba, na wakakubaliana aende akakae kwa binti yake Iringa, ambako hali ya hewa ni nafuu na mjukuu mmoja ni mwuguzi. Bwana Premji akaniita akaniambia: "Ijumaa utampeleka Ba Iringa. Jumamosi nakupa ruhusa, nenda kwenu. Jumapili urudi, Jumatatu asubuhi natakiwa Tukuyu."

Tabitha, sikulala. Nilikwenda kununua ile kanga, nikanunua sukari na sabuni, na kile kikofia cha sufu cha Ludia. Asubuhi nilipima maji, nilipima mafuta, nilipima upepo wa matairi, nikafunga mizigo ya Ba. Bwana Premji alikuwa anashughulika na mama yake, mke wake analia, watoto wanashika sari ya bibi yao. Mimi nilikuwa nafikiria nitapitaje kile kilima cha kwetu ikiwa mvua imenyesha. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kifunguo.

Tulipopita Chimala, katikati ya tambarare ya Usangu, nilisikia tairi la nyuma linapiga. Nikashuka. Pancha. Nikatoa jeki, nikatoa gurudumu la akiba, nikafungua nati ya kwanza, ya pili, nikafika kwenye ile ya mviringo. Nilikaa chini vumbini, spana mkononi. Ba akachungulia dirishani.

"Nini, dereva?"

"Kifunguo, Ba. Kimebaki dukani."

Akasema, "Toto yangu naogopa mwizi. Sasa mwizi iko wapi? Hapa iko wewe na mimi tu."

Jua la Usangu unalisikia kwa watu, hujaliona. Ndani ya gari palikuwa kama jikoni. Nilifunga blanketi kati ya mlango na mti mmoja wa miiba, nikamtandikia godoro lake chini ya kivuli. Maji tuliyochukua yakaisha upesi. Baadaye macho yake yakaanza kujifunga, nikimwita anaitika kwa mbali. Niliogopa. Niliwaza nitamwambia nini mwanawe, mtu ambaye tayari ananitazama mikono. Nilijua kuna kambi ya watengeneza barabara mbele, lakini kumwacha peke yake sikuweza. Nikambeba mgongoni. Ni mwepesi, Tabitha, mwepesi kuliko mama. Nikatembea naye, nimefunika kichwa chake kwa kofia yangu, mpaka tukaziona nyumba za bati.

Nyapara wa pale ni Mnyakyusa, Mzee Mwakipesile, mtu mwema sana. Mkewe alimnywesha Ba maji kwa kijiko, akamkanda miguu kwa kitambaa chenye maji, akamlaza ndani. Mzee akachukua nyundo na tindo tukarudi kwenye gari. Ile nati niliyoikubali mwenyewe, nikaisifu kwa ugumu wake, sasa nikawa naipiga tindo nikiilaani. Tulipokezana mpaka viganja vyangu vikachubuka. Mwishowe ikaanguka, lakini bolti yake nayo ikakatika. Tukafunga gurudumu la akiba kwa nati zilizobaki. Mzee akanitazama akasema, "Polepole utafika. Lakini usilipeleke milimani hivi."

Jua lilikuwa linakwisha. Tukalala kambini.

Asubuhi Ba aliamka ana nguvu kidogo. Akakaa mbele, karibu yangu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Akanipa zile chapati zake za viungo, akaniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kilolo, ng'ambo ya Iringa. Akaniuliza kama nina mtoto.

"Nina binti, Ba. Sijamwona. Alizaliwa nikiwa huku."

Kisha akasema, "Mimi nilikuja hapa bado msichana. Mama yangu alisimama bandarini. Sasa sura yake mimi nimesahau. Nafumba macho, natafuta, hakuna. Nakumbuka mkono tu, iko na bangili." Akanionyesha kwenye mkono wake mwenyewe mahali bangili ile ilipokuwa. Halafu akasema, "Wewe usikae sana."

Nilikuwa naendesha, na njia ilikuwa haionekani vizuri.

Tulifika Iringa Jumamosi jioni, mvua inanyesha, ile siku yangu ya ruhusa imekwisha. Bintiye alitoka mbio akamkumbatia. Ba kabla hajaingia ndani alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akasema maneno ya kwao ambayo sikuyaelewa. Kisha mlango ukafungwa. Nililala kwenye gari.

Alfajiri nilishuka kutoka mjini hadi Ipogolo. Nakuambia ukweli, Tabitha, niliingia njia ya Kilolo. Niliingia kidogo. Nikaona matope jinsi yalivyo, nikalisikia gurudumu la nyuma linavyolalamika kwenye kona ya kwanza, nikamkumbuka Mzee Mwakipesile. Ningefika, labda. Kurudi Mbeya siku hiyo hiyo nisingeweza, na kazi ingekwisha. Nikazima injini. Hapo ndipo Mama Eliza aliponikuta, anashuka na kikapu chake.

Nilimwuliza habari za Ludia. Akasema amesimama dede, anashika ukuta wa jikoni anatembea nao. Nikamwuliza anafanana na nani. Akacheka, akasema, "Akikasirika, ni wewe mtupu." Nikampa vile vitu. Nikageuza gari.

Bwana Premji alikuwa anangoja mlangoni. Nilimwonyesha bolti iliyokatika na kipande cha kufuli, nikamweleza yote, hata jinsi nilivyombeba mama yake. Nilingoja anigombeze. Akauliza tu, "Njiani alilia?" Nikamwambia hapana, hakulia. Akaigeuza geuza ile pete ya funguo, akakitoa kifunguo, akaniwekea kiganjani, akaingia dukani. Siku zilizofuata alitembea chumba hadi chumba kama mtu aliyepoteza kitu. Nilimwomba likizo. Amesema mpaka baada ya mvua, na mimi naona atasema hivyo tena mvua zikiisha.

Kwa hiyo nimefikiri hivi. Njoo wewe, umlete Ludia. Najua mwanzo ulikataa kuja kwa sababu ya mama, na ulikuwa na haki. Lakini dada yangu Marta amerudi nyumbani sasa, muulizeni kama anaweza kukaa na mama mpaka mavuno. Chumba changu ni kidogo, ila kina dirisha. Jirani yangu Tusajigwe amesema atakuonyesha kisima na soko. Watu hapa si wabaya. Mimi ndiye siijui lugha yao vizuri, nao wamechoka kunirudia maneno. Nikitoka kazini nafungua mlango, nawasha moto, nasikiliza nyumba za wenzangu. Uamuzi ni wako na mama. Ukikataa sitakulaumu.

Nisalimie mama sana, mwambie mimi sijambo. Nisalimie baba mkwe, na dada Marta, na mwalimu wa kwaya, na Mama Eliza, umwambie asiniwaze vibaya. Ludia mpake mafuta kichwani kabla ya kumvika kile kikofia, sufu isimwashe.

Ukija, panda basi la asubuhi. Ukishuka hapa Mbeya nisipokuwepo kituoni, usiulize kwa jina langu, hakuna atakayelijua. Uliza yule Mhehe wa boksibodi, watakuleta.

Ni mimi mumeo,
Yohani