Mpira Uliorudi kutoka Kona Yako

Ndugu yangu Clifford,

Sisi huku Homa Bay tu wazima, ila kuku wa Mama wawili wameibwa. Kinachonichoma ni timu yenu ya mpira wa kikapu. Tangu uache chuo uende kuchimba dhahabu Macalder, kocha amesajili watu watatu warefu kama milingoti, na hakuna hata mmoja anayejua kufunga. Wanapasiana weee, mwisho wanaurusha mpira kwenye kona yako, kana kwamba bado umesimama pale. Kila mara mpira unatoka nje. Nimewapigia kelele mpaka sauti ikakauka.

Jumamosi tulikuwa nyuma kwa pointi moja. Wakaurusha tena konani, na hapakuwa na mtu. Mpira ukasimama hewani, kisha ukapaa polepole, vile ulivyokuwa ukirusha wewe, ukaingia kikapuni. Hakuna aliyeshangilia. Refa alipouokota, viganja vyake vilijaa udongo mwekundu uliolowa, kama wa huko mgodini kwenu. Uwanja ni wa saruji, na mvua haijanyesha mwezi mzima.

Tangu siku hiyo simu yako haipatikani. Mama sijamwambia. Nampa Javan, anayesafiri kuja huko, barua hii akuletee mgodini.

Usinitumie pointi nyingine. Nitumie neno moja, kwa mwandiko wako.

Dada yako,
Lynnet