Maiti Hana Kadi ya Chama

Mama yangu mpenzi,

Salamu zikufikie huko ulikotangulia. Nimerudi nyumbani kwako Kengeja, na ninakuandikia kwa sababu jana nimepata aibu ambayo wa kumwambia ni wewe tu.

Unaukumbuka mkate wa kumimina wa sikukuu? Hukuwahi kuumimina wote kwa pamoja. Kwanza ulitia kidogo kwenye kisufuria kile kilichovunjika mpini, ukaupika, tukakaa wewe na mimi jikoni kuuonja. Sukari ikipungua uliongeza, hamira ikiwa haijafanya kazi ulisubiri. "Tujiaibishe humu humu ndani," ulikuwa ukisema, "nje tutoke wasafi." Mimi nilikuwa naomba ukosee, nionje tena.

Kazi yangu ya sasa ni hiyo hiyo, ila kwa kompyuta. Kuna wenye boti wanataka watu wakate tiketi kwa simu. Kabla ukurasa wao haujafunguliwa watu, naujenga mzima ndani ya kompyuta yangu, pale mezani ukumbini, nikaujaribu. Kuyaandaa hayo majaribio kulinitoa jasho. Kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, kilikuwa kipya kuliko kiendeshi, programu nyingine ya kukiongoza, basi havikusikilizana. Kupakua kiendeshi kingine, bando likaisha. Nikapanda pikipiki mpaka Mkoani kufuata mtandao wenye nguvu, nikarudi umeme umekatika. Mwisho vikapatana. Sasa nikibonyeza mara moja tu, kivinjari kinafunguka chenyewe, kinaandika jina la abiria, kinachagua kiti, kinakata tiketi, halafu kinafuta kila kitu na kuanza upya.

Huyo abiria wa majaribio alihitaji jina, na nikaandika lako. Sikufikiri, ndilo lililokuja vidoleni. Mize Faki, kutoka Mkoani kwenda Unguja.

Mdogo wako Riziki amehamia hapa tangu ulipoondoka, ndiye anayenipikia. Baada ya alasiri hukaa ubavuni mwangu akichambua mchele. Siku ya kwanza alipoona jina lako linajiandika kwenye kioo, aliweka ungo chini akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Likafutika, likajiandika tena, naye akakurehemu tena. Ikawa ndiyo ada yake ya kila siku. Mimi nilikuwa na muziki masikioni, nikimwona midomo inacheza nikidhani anahesabu chuya; haya nimeyajua jana.

Jana akaja jirani yetu Bi Asha na bakuli la mhogo wa nazi. "Nimeambiwa wamsomea mamako kwa kompyuta kila siku," akaniambia. "Mungu akulipe, mwanangu. Vijana wa sasa hawana hilo." Nikamgeukia mama mdogo. Alikuwa ameuinamia ungo wake, hakuinua uso. Nikapokea bakuli, nikasema ahsante. Na mhogo nikaula, mama. Niliula wote.

Unajua kwa nini mhogo ule ulinitia aibu. Miaka ile vyama vingi vilipoingia, watu hapa waligawana hata misiba. Duka la fulani halinunuliwi, maiti wa fulani hazikwi. Wewe ulijitanda buibui lako ukaenda khitma za wote, wa upande huu na wa upande ule, na mimi nyuma yako nimeshika pindo. Siku moja mwanamke mmoja akakusema njiani mbele za watu. Ukamjibu bila kusimama, "Maiti hana kadi ya chama."

Na mimi, niliyeshika pindo lile, nilifika ulipokwisha zikwa, na kwenye khitma yako nikakaa nje na simu ya kazi sikioni huku wenzangu ndani wameshika juzuu. Kaburini kwako sijafika mpaka leo. Nikipita njia ile naikaza mwendo pikipiki. Nilianza kwa kuona haya kwamba nimechelewa, na kila ninavyozidi kuchelewa haya nayo inazidi.

Bi Asha alipoondoka, nikasema, "Mama mdogo, ile si dua. Ni kazi tu, naujaribu ukurasa wa boti."

"Kwani mie mtoto?" akasema. "Kazi naijua. Dua nkiomba mie. Watu wauliza mbona hwendi kaburini kwa mamako. Ningewambia nini?"

Akaurusha mchele, akaupeta, akaongeza kwa upole, "Na yaenda mbio hiyo kompyuta yako. Sijamaliza dua moja, yaja nyengine."

Leo asubuhi nimeyafungua majaribio. Kubadilisha jina ni kazi ndogo, na nilikusudia kulibadilisha. Nimeliacha. Nimeongeza mstari mmoja tu: jina lako likishaandikwa, kompyuta isimame kwa muda wa Fatiha moja isiyo na haraka. Wenzangu wa kazini, wa Dar, wakiyaona majaribio yangu watasema yanakokota. Nimemwita mama mdogo, nikabonyeza. Jina likaja, likatulia. Amekuombea, amemaliza, akapangusa uso kwa viganja, kisha akanitazama. Kioo bado kilikuwa kinasubiri.

Sikuweza kuisoma Fatiha yangu pale mezani, mama. Naja kukusomea huko huko uliko. Pikipiki naiacha nyumbani, maana nikiwa juu yake nitakupita tena.

Nipokee na aibu yangu,
Kitindamimba wako