Vikwembe vinne havikukanyagwa

Jumatatu. Mvua tangu alfajiri, ile mvua yetu isiyo na haraka, inayokaa kama mgeni aliyekula akashiba na bado haagi.

Leo sina hamu ya kujisifu. Ninyi mnaonisoma hapa, katika shajara yangu ya mtandaoni, mtashangaa. Mmezoea Mama Dieudo akitangaza kwamba mkanda wa ngumi wa uzito wa juu, wa nchi nzima, uko ukutani kwangu juu ya televisheni, njooni muuone. Niliandika hata siku mwanangu alipomaliza sufuria ya pondu, kisamvu chetu, peke yake. Basi leo ni habari nyingine, na mkono ni mzito.

Naona haya.

Tangu Dieudo aseme anaacha ngumi, barabara yetu imegeuka bunge, na spika wake ni papa Salumu, fundi cherehani. Ni yeye aliyemshonea mwanangu joho la kwanza la kuingilia ulingoni, na anampenda, sisemi uongo. Lakini hawezi kushona bila kubisha. Kuna kijana wa Kinshasa ambaye tangu mwaka jana anamwita Dieudo kwenye redio wapigane. Kwa papa Salumu, bingwa haondoki na mkanda kiunoni wakati kuna mtu mlangoni anauomba.

"Apigane naye, ashinde ao ashindwe, kisha apumuzike," anasema, pini mdomoni. "Bila vile, batoto betu batasema alikimbia."

Wengine wanamjibu kwamba Dieudo amefungua klabu ya ngumi, vijana wengi wameacha pombe kwa sababu yake, je huo si ubingwa?

"Ule ni mwalimu. Mimi nauliza juu ya champion!"

Kila siku napita hapo na beseni langu la kwanga kichwani, mikate ya muhogo ninayouza sokoni. Mwenye akili angepita tu. Mimi nasimama, beseni kichwani hivyo hivyo, na kupigana vita ya mtoto wangu mpaka shingo inauma. Juma lililopita nilimuuliza, "Papa Salumu, weye uliisha pigana na nani? Na sindano?" Watu walicheka mpaka mteja mmoja akakaa chini. Kile kicheko nilikibeba mpaka sokoni, kikawa kitamu kuliko mauzo.

Bon. Jana Jumapili, baada ya misa, tulimfanyia karamu.

Kwetu mtu wa heshima akifika, wamama wanatandika vikwembe, vitenge vyao, chini ili akanyage, asiguse udongo. Nilitoa saba katika sanduku, pamoja na kile cha ndoa yangu ambacho hata marehemu baba yake Dieudo hakuwahi kukikanyaga. Vilianza kwenye geti la parseli, kiwanja chetu, vikaenda moja kwa moja, kisha vikakata kushoto kwa sababu ya kisima, mpaka kwenye kiti. Uwanja ulijaa. Vigelegele vilianza. Dieudo aliingia na suruali nyeupe, mabega yake yakijaza geti.

Alikanyaga cha kwanza, cha pili, cha tatu.

Halafu hakukata kushoto. Alikwenda mbele vile vile, akaingia katika tope kando ya kisima, pale tunapomwaga maji ya vyombo. Alisimama hapo, mwili ule wote, kama mtu aliyeamshwa usingizini.

Papa Salumu alikuwa na glasi ya maji ya tangawizi mkononi. "Eh! Champion amepotea ndani ya parseli ya mama yake!"

Uwanja mzima ulicheka. Ni kicheko kile kile nilichokipenda juma lililopita, ila jana kilikuwa kimegeuzwa upande wangu.

Ningeweza kumshika mwanangu mkono. Hatua mbili tu. Sikufanya hivyo. Nilisimama kando ya vikwembe vyangu, mikono kiunoni, nikapaza sauti.

"Munacheka nani? Mwana yangu haiko mukimbizi! Ule wa Kinshasa akuje! Dieudo atapigana tena, ni mimi mama yake nasema!"

Vigelegele vilirudi mara mbili. Papa Salumu mwenyewe aliweka glasi chini akapiga makofi. Na Dieudo aligeuza uso huku na huku akinitafuta, akasema, "Sawa, mama."

Nilikuwa karibu naye, upande wake wa kushoto. Kwa nini alinitafuta?

Swali hilo sikujiuliza jana. Nilikuwa nacheza.

Leo kabla ya kucha nilimsikia akifunga viatu vya kukimbilia, akaenda Simi-Simi, kwenye uwanja wa zamani wa ndege alikojifunzia miaka yote. Nilibaki kitandani natabasamu kama mjinga. Kisha akafika Alphonse, mdogo wangu, noko wa Dieudo, yaani mjomba wake, aliyemfundisha ngumi tangu utoto. Alikuwa amelowa, na chai akaikataa. Alphonse hajawahi kukataa chai yangu.

"Yaya, mukubwa yangu, jicho ya kushoto ya mutoto imekufa. Inabakia moja tu. Munganga alimwambia: ngumi moja tena, na hii ingine inaweza kwenda."

"Tangu lini?"

"Tangu pambano ya mwisho."

"Na kwa nini hamukuniambia?"

Aliutazama mkanda ukutani, si mimi. "Alisema, mama atasikia haya mbele ya batu."

Shajara yangu, wewe sikudanganyi. Kwa Alphonse nilipiga kelele kama mtu aliyestushwa, lakini sikustuka sana. Nilishaona sukari ikimwagika pembeni ya kikombe. Nilishaona kwamba kwenye benchi anachagua mwisho wa kushoto, ili sisi wote tuwe upande wake wa kulia. Siku moja nilimgombeza, "Umeanza kulewa?" Akaniomba msamaha. Msamaha wa nini, Mungu wangu?

Niliona, nikaweka kando. Kwa sababu kanisani Mama Champion ana nafasi benchi ya mbele. Kwa sababu sokoni wenzangu wanasogeza mabeseni yao ili langu likae vizuri. Niliogopa kuuliza, jibu lisije likaninyang'anya benchi yangu.

Hiyo ndiyo haya yangu. Ile ya tope ni kitu kidogo.

Nilitoka bila mwavuli, nikasimamisha baiskeli ya abiria, nikamwambia mwenye nayo akanyage mpaka Simi-Simi. Mvua ilitupiga usoni njia nzima. Dieudo alikuwa peke yake kwenye njia ya ndege, anakimbia, kichwa amekigeuza upande kama kuku anayemwangalia mwewe. Nilimwita. Akageukia upande wa kulia, akazunguka mwili mzima, ndipo uso wake ukanifikia.

"Mama, unafanya nini mu mvua?"

"Nilikuja kukurudisha. Hakuna pambano."

Alijifuta maji usoni kwa mkono ule mkubwa. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Ulisema mbele ya batu yote, mama. Ulisema mbele ya bikwembe. Nikikataa, ni weye batacheka."

"Bacheke!"

"Hapana. Mimi siwezi kuangusha neno yako."

Akaendelea kukimbia. Mnakumbuka niliwahi kuandika hapa kwamba mwanangu ni mtii kuliko watoto wote wa mji huu? Nilijisifu hata kwa hilo. Kumbe angetoa jicho la pili ili mama yake asionekane mwongo.

Alirudi nyumbani saa nne. Nilimpa chai, safari hii nikaiweka katika mkono wake wa kulia. Kisha nilimuuliza kama neno lile naweza kulirudisha mimi mwenyewe niliyelitoa, mbele ya watu wale wale.

"Ukiirudisha weye, ni sawa."

"Itabidi niseme juu ya jicho."

Alikunywa kwanza. "Sema, mama. Nimechoka kujificha." Na alicheka kidogo. "Lakini usiongeze chumvi. Nakujua."

Sasa ni jioni na bado inanyesha. Vikwembe nilivitundika kwanza ndani kwenye kamba nivitazame. Vitatu vina alama za viatu vyake, kubwa kama sahani. Vinne havina kitu. Vile vinne nimevikunja bila kuvifua.

Kesho nitapita kwa papa Salumu saa ile bunge limejaa, bila beseni. Nitasema kwamba pambano halipo, na kwa nini. Ataniuliza, namjua, "Alors, alikimbia ao hakukimbia?" Nimetafuta jibu la kumchoma mchana kutwa, nikapata mawili mazuri sana. Nimeyaacha. Nitamjibu kwamba mwanangu alipigana miaka yote hii, na mwisho akakubali kupigana tena kwa jicho moja, kwa sababu ya mdomo wa mama yake. Wao waamue kama huo ni ubingwa. Mimi sibishi tena.

Watacheka? Labda. Benchi ya mbele? Kuna nyingine nyuma.

Neno hili naliweka hapa leo, mlisome kabla ya papa Salumu kulisikia, kwa sababu najijua. Asubuhi nikiwa na mdomo mtamu naweza kutafuta njia ya kuzunguka. Mkisikia kwamba Mama Dieudo alipita pale akanyamaza, njooni mnigongee geti.