Sauti ya Chini ya Meza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba goti limepungua maumivu, ingawa nasikia bado unapanda ngazi kila siku kwenda kupiga soga kwa jirani. Sisi hatujambo. Baba mtoto anakusalimu. Karakana yetu ya makochi ina kazi tele, na vumbi la sponji limetufuata mpaka kwenye chai.

Mjukuu wako ametimiza miaka mitatu, nawe hujamshika hata siku moja. Alipozaliwa ulisimama mlangoni na zawadi, ukasema mikono yako huharibu watoto, usije ukamharibu na huyu. Sikukulaumu, Mama, lakini iliniuma.

Maneno yake bado machache, ila ukaidi anao wa kutosha. Ninapokata vitambaa hukaa chini ya meza, akakunja sikio kwa kidole na kuvuma sauti moja, mdomo kaufumba. Ni sauti ile ile. Siku ya kwanza kuisikia, mkasi ulinitoka mkononi. Kaka yangu, Kinanda wetu, alikuwa akivuma hivyo hivyo chini ya kitanda chako, miaka mingi kabla hajaanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Mtoto huyu hajawahi kumwona mjomba wake. Nani kamfundisha? Tangu hapo naiogopa meza yangu mwenyewe. Akinyamaza, nachungulia, akianza tena, natamani anyamaze.

Nilimpeleka kwa daktari wa watoto, mwanamke mpole asiye na haraka. Aliuliza habari za ukoo, nami, badala ya kusema sote wazima kama tulivyozoea, nilimweleza juu ya Kinanda. Akapima damu ya mtoto, kisha akaomba na ya mjomba. Nilimkuta Kinanda wodini, kwenye hospitali ya wagonjwa wa akili, amenenepa, na siku hiyo akili zake zilikuwa zimetulia. Alitoa mkono akicheka, akasema wachukue tu, mradi wasimweke na yeye kwenye friji. Alikuulizia. Nikamdanganya kwamba goti ndilo linalokuzuia.

Majibu yametoka. Daktari alieleza kwamba mtoto na mjomba wake wamekosa kipande kidogo cha vinasaba, mahali pale pale. Kipande hicho kinahusika na jinsi ubongo unavyojijenga, tangu mimba hadi miaka ya mwanzo. Anayekikosa anaweza kuchelewa kusema, na akikua ana hatari zaidi ya wenzake ya kuugua maradhi ya akili. Hatari tu, alisisitiza. Wengine hawaugui kamwe, na sababu zote madaktari wenyewe hawazijui. Nilimwuliza kama mama anaweza kuyaleta kwa kumwacha mtoto na homa siku nzima akiwa kazini. Akasema hakuna homa inayoweza kukata kipande kile kile kwa watu wawili. Baba alikutwika lawama ya homa ile ya utotoni siku Kinanda alipochukuliwa kupelekwa hospitali. Baba amekufa, nawe bado unamtii.

Sasa nikueleze kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Kwa simu ungekata. Walipima na damu yangu. Mimi pia nimekikosa, Mama. Mimi, ambaye watu walikuwa wakikufariji kwamba angalau huyu kasalimika. Mwanangu amelirithi pengo hilo kwangu. Siku hizi nikiitwa kwa nyuma sigeuki mpaka nimwulize baba mtoto kama na yeye kasikia. Kama nilirithi kwako au kwa Baba, daktari hajui, nami nimekataa usumbuliwe na sindano.

Lakini mimi nina karakana, nina mume, na akili ninazoandikia haya ni zangu. Walionilea si malaika. Ulinilea wewe, kwa mikono hiyo hiyo. Daktari anasema utulivu wa miaka hii unamsaidia mtoto, nami sijui kumtuliza. Nikimkumbatia natetemeka, naye anahisi.

Nisalimie jirani yako wa juu na wote wanaoniulizia. Baba mtoto atakupokea kituoni siku yoyote utakayosema. Njoo, Mama. Kama utaogopa kumshika yeye, basi nishike mimi kwanza.

Ni mimi mwanao,
Fundi wa makochi