Aina ya Mnyama

4 Aprili

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zikufikie wewe na wifi yangu. Afya zenu? Mimi mzima wa mwili, moyo ndio mgonjwa. Juzi alfajiri Mkubwa alitoka msituni, akang'oa mahindi yote kwa mkonga, akakanyaga maboga, akasukuma ukuta wa banda. Mbuzi wangu wawili wamefia chini ya matofali. Hicho ndicho kilichokuwa chakula changu hadi mavuno mengine. Nimejaza fomu ya fidia, hii hapa. Nashukuru Mungu meza inayoipokea ni yako.

Dada yako

20 Mei

Dada,

Natumaini hujambo. Ombi lako limekataliwa. Kipengele cha nne, aina ya mnyama, umeandika "Mkubwa". Mnyama huyo hayumo kwenye orodha. Muda wa kuleta fomu nyingine umekwisha. Pole.

Ofisa Tathmini

28 Mei

Mdogo wangu,

Hujambo? Mimi nimekasirika, na sifichi. Mkubwa humjui? Wewe uliyelowesha suruali siku alipopita karibu na kichanja cha baba cha kulindia shamba, ukanikaba shingo ukilia "Mkubwa! Mkubwa!"? Si baba alitukataza kulitaja jina lake shambani, asije akaitika? Kalamu ilikuwa mkononi mwako. Ungeandika "tembo", herufi tano tu. Ukaikalia fomu yangu wiki sita. Nimeuza cherehani ili nile.

Shamba lako hapa jirani limestawi, kibarua wako ana mkono mzuri. Langu nimelizungushia kamba zenye matambara ya pilipili na oili chafu. Mkubwa hapendi. Pa kupita atajua mwenyewe.

Dada yako

11 Agosti

Dada yangu kipenzi, mama yangu wa pili,

U hali gani? Wifi yako anakusalimia sana, watoto wanakuulizia kila siku. Dada, ekari zangu tatu zimekwisha, halikubaki hata bua. Kibarua anasema mnyama alipofika kwenye kamba zako alipiga chafya, akageukia kwangu. Sikulaumu. Ile fomu yako, niliogopa watu waseme napendelea ndugu. Nisamehe. Sasa utaratibu unataka jirani ajaze sehemu ya shahidi, kipengele cha nne kikiwamo, na jirani ni wewe peke yako. Binti yangu alikuwa asome kwa mahindi yale. Mwisho wa kupokea ni Ijumaa. Nakusihi.

Mdogo wako

14 Agosti

Bwana Ofisa,

Natumaini u mzima. Mimi nimenenepa kidogo, maharage yangu yameiva. Fomu yako hii hapa, na Ijumaa ni kesho, kwa hiyo sijakuchelewesha. Nimeijaza kwa wino mweusi, maana najua iliyofutwafutwa hampokei. Nimeeleza yote niliyoyaona kwa macho yangu, saa aliyoingia, alivyovunja, alivyotafuna. Kipengele cha nne nimeandika kwa herufi kubwa, wenzako ofisini wasipate shida kusoma: MKUBWA.

Niliogopa watu waseme napendelea ndugu.

Shahidi