Kiwi Juu ya Jiwe

Jumatatu, 5 Februari

Nimepalilia mihogo mpaka saa nne. Jembe limegonga jiwe kubwa la kona, upande uliofunikwa na majani. Nikafyeka. Kuna michoro! Duara ndani ya duara, na mnyama mwenye pembe. Imechongwa, haikupakwa rangi. Nachonga mpingo tangu sina ndevu, mkono wa fundi naujua. Huyu hakuwa na chuma. Kagonga jiwe kwa jiwe, subira tupu. Nimecheka peke yangu shambani kama chizi.

Jumanne, 6 Februari

Mke wangu, Mama Zuhura, kasema mnyama ni mbuzi. Mbuzi gani ana pembe zile? Mie nasema palahala, yule swala mkubwa wa pembe zilizopinda nyuma. Tumebishana mpaka chai imepoa. Raha tu.

Mchana kaja mdogo wake, shemeji Rashidi. Shamba ni lao wawili, urithi wa baba yao. Anajenga upande wa barabarani, na jiwe langu kalipangia kazi: Jumamosi vijana wanakuja kulivunja, liwe mawe ya msingi. Nikamwonyesha michoro. "Shemeji, hayo si makorokocho ya watoto tu?" Nimekasirika, nikarudi kwenye mihogo yangu.

Jumatano, 7 Februari

Nimempigia mtaalamu wa mambo ya kale, dada aliyewahi kununua kinyago changu. Anakuja Ijumaa. Rashidi kakubali: mtaalamu akisema ni ya kale, jiwe linabaki. Akisema hajui, nyundo.

Alhamisi, 8 Februari

Nimeliosha jiwe. Halafu nikalipaka kiwi nyeusi ya viatu, nikasugua kwa kitambaa, kama tunavyomalizia vinyago. Limeng'aa hilo! Mgeni asije akaona kazi ya fundi mwenzangu imepauka.

Ijumaa, 9 Februari

Mie mjinga. Mjinga kabisa.

Mtaalamu katuamkia vizuri, kafika kwenye jiwe, kapitisha kidole, kikatoka cheusi. "Mzee wangu, nani kapaka hii?" Kumbe umri wa michongo wanausoma kwenye uso wa jiwe, na uso nimeuziba kwa kiwi. Hawezi kusema lolote. Rashidi akatabasamu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Zuhura ndiye aliyeuliza, "Na huku chini je?" Nilipaka sehemu iliyo juu ya udongo tu, iliyofukiwa kiwi haikuifikia. Yule dada akachimbua taratibu kwa mwiko na brashi. Michongo inaendelea! Wanyama wengine wanne, safi, udongo mgumu umegandia ndani ya mikato. Ya kale, kasema. Kale sana. Miaka mingapi, mpaka wapime.

Wa kwanza kupiga magoti kutazama ni Rashidi. Mama Zuhura kapiga vigelegele, majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Jumapili, 11 Februari

Nyundo hazikuja. Rashidi kasogeza msingi wake.

Jioni tumekaa naye karibu na jiwe. Sikuligusa. Nimemweleza fundi alivyofanya: pembe kwanza, mwili baadaye. Kauliza kama kuna mahali alikosea. Nimetafuta sana. Kwenye mguu wa nyuma, jiwe la kugongea lilimteleza. Akauacha hivyohivyo, akaanza mnyama mwingine.